Hadithi kwanza, barabara baadaye: nilivyowafikisha wazee wetu Hole-in-the-Rock

Kila tarehe 24 Julai jimbo la Utah, Marekani, hufunga ofisi na kufanya maandamano ya kukumbuka siku ambayo Brigham Young na Wamormoni wenzake, waumini wa kanisa aliloliongoza, waliingia kwenye bonde la Salt Lake mwaka 1847. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira huko Kongo, tukakaa miaka kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku, siku hiyo tulikuwa tunachoma nyama na kupumzika tu. Walioanza kuuliza ni watoto. Shuleni wanafundishwa habari za mikokoteni na walowezi, wakirudi nyumbani hawana wa kuongea naye: wazazi hatuijui historia hiyo, na wazee wetu hawasikii Kiingereza.

Nilitaka wazee na wajukuu waisikie habari hiyo kwa pamoja, kwa Kiswahili, kisha wakaione njia yenyewe kwa macho yao. Niliichagua njia ya Hole-in-the-Rock, kusini mwa Utah. Njia nyingi za walowezi sasa zimefunikwa na lami, mashamba na mitaa, lakini hii imepita jangwani ambako watu ni wachache, na alama zake bado zimo mwambani. Tena ilikuwa safari ya familia nzima nzima, wajawazito na watoto wachanga wakiwemo.

Kwa ufupi habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa mwaka 1879, watu wapatao 250 wenye mikokoteni 83 na mifugo zaidi ya 1,000 walitumwa na kanisa lao kutoka miji ya kusini magharibi mwa Utah, wakafungue makazi kwenye mto San Juan. Njia ya kuzunguka kaskazini ilikuwa ndefu mno, na ile ya kusini ilikuwa na shida ya maji, wakaamua kukata moja kwa moja kupitia Escalante. Walitazamia kusafiri wiki sita. Walipofika kwenye ukingo wa bonde la mto Colorado walikuta genge la karibu mita 300, na kwenye genge hilo ufa mwembamba tu, ndio unaoitwa Hole-in-the-Rock, yaani tundu mwambani. Nyuma yao theluji ilikuwa imeshafunga milima, kurudi hakuna. Wakaanza kupasua mwamba kwa baruti. Kati yao walikuwemo ndugu wawili wa ukoo wa Perkins, Benjamin na Hyrum, waliowahi kufanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe huko Wales, na ujuzi wao ndio uliookoa safari. Sehemu moja ya ukuta haikuwa na pa kukanyaga kabisa. Walitoboa mwamba mstari wa matundu, wakapigilia vigingi vya mti mgumu, wakatandika magogo, matawi na mawe juu yake, na magurudumu ya upande wa nje yakapita hapo hewani. Tarehe 26 Januari 1880 mikokoteni ya kwanza ikashushwa, magurudumu yamefungwa minyororo yasizunguke, wanaume wakining'inia nyuma kwa kamba. Walifika tarehe 6 Aprili mahali wanapopaita Bluff. Safari ya wiki sita ilikuwa imechukua karibu miezi sita, na hakuna aliyefia njiani.

Nilianzia mwisho wa njia, yaani Bluff, kwa sababu huko ndiko kuliko na kituo cha urithi kinachoitwa Bluff Fort. Wamejenga upya vibanda vya magogo vya walowezi kwa kuvizungusha kwenye uwanja, kama ilivyokuwa ngome ya kwanza, na kimoja kati yake, cha ukoo wa Barton, ni kile kile cha zamani. Kuna mikokoteni, na kuna hogan, nyumba ya asili ya Wanavajo, kwa sababu walowezi hawa hawakuingia nchi tupu. Wanavajo, Wayute na Wapaiute, makabila ya wenyeji, walikuwa hapo, na kabla yao waliishi watu waliojenga nyumba za mawe kwenye mapango ya magenge. Nilikaa na mama mmoja anayejitolea pale, akanifundisha kwa subira kubwa, akaniruhusu nipime mkokoteni kwa futi kamba. Kitanda chake kina urefu wa kama mita 3 na upana wa mita 1 na kidogo. Basi. Humo ndimo nyumba nzima ilimoingia.

Vipimo hivyo ndivyo vilivyonipa somo la kufundisha. Niliporudi Salt Lake City niliomba ukumbi wa kanisa letu jioni, nikachora mkokoteni sakafuni kwa chaki, urefu na upana ule ule. Nikaiambia kila familia iweke ndani vitu ambavyo ingebeba kwa miezi sita ya baridi. Vijana walijaza magodoro, wakakosa pa kuweka chakula. Wazee waliangalia kwa muda, halafu bibi mmoja akaingia na kuanza kutoa kila kitu. Akarudisha unga, chumvi, sufuria moja, jembe, mbegu na blanketi. "Wajukuu zangu," akasema, "godoro halikufikishi popote." Yeye alivuka Tanganyika kwa mtumbwi usiku akiwa na watoto. Kuanzia jioni ile sikuhitaji kuwabembeleza watu waje, na mimi nikapata jambo ambalo nimeendelea kuliamini: kituo, au hata ukumbi wenye chaki, lazima kimfikie mtu kabla barabara haijamfikisha. Anayefika akiwa anajua alichokuja kukiona hachori jina lake kwenye jiwe.

Sasa barabara. Barabara ya Hole-in-the-Rock inaanza kama kilomita 8 mashariki mwa mji wa Escalante, inaacha lami ya barabara namba 12 na kuingia jangwani, karibu kilomita 90 za vumbi hadi ukingoni. Inafuata kwa sehemu kubwa njia ile ile ya mikokoteni, na nyingi yake imo ndani ya hifadhi ya Grand Staircase-Escalante iliyotangazwa na Rais Bill Clinton mwaka 1996. Greda ikipita, gari dogo linaweza kwenda mbali. Wiki chache baadaye vinarudi vile vituta vidogo vidogo vilivyopangana toka upande hadi upande, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana. Mvua ikinyesha udongo wa mfinyanzi unakuwa sabuni, na makorongo yanayoikata barabara yanajaa maji ghafla hata kama mvua imenyesha mbali.

Kampuni ya kwanza niliyoiendea kukodi magari ilikuwa na sharti kwenye mkataba kwamba magari yake yasitoke kwenye lami, na ukivunja sharti bima haikuhusu. Nilimsomea mkataba wote mwenyekiti wa wazee, tukaachana nayo. Tukakusanya magari ya waumini wenyewe, yale yenye tumbo la juu, na majirani wawili Wamarekani wakajitolea na pikapu zao. Kila gari lilikuwa na tairi la akiba zima, jeki na kipande cha ubao cha kuiwekea jeki mchangani, mafuta ya kujaa tangi kutoka Escalante, na maji ya kutosha watu wote kulala njiani wakikwama. Simu huko hazishiki. Asubuhi ya safari nilipita kwenye ofisi ya wahifadhi mjini Escalante kuuliza hali ya barabara, na hilo nakuomba ulifanye hata kama jua linawaka, kwa maana wao ndio wanaojua korongo gani limekula barabara. Mjini hapo pia kuna kituo cha urithi cha safari hii, usikipite. Tulipoacha lami tulipunguza upepo wa tairi kidogo, na mtetemo ukapungua waziwazi.

Kama kilomita 58 ndani kuna Dance Hall Rock, mwamba mwekundu uliojikunja kama ukumbi, sakafu laini, ukuta umeinamia ndani. Walowezi walipiga kambi karibu na hapo wakingoja njia ikatwe, wakawa wanacheza dansi kwa fidla. Kwa watu wetu wengi hapo palitosha, na magari yetu yote yalifika. Kwaya ya akina mama iliimba, na sauti ilirudi imekua maradufu. Vijana waliokuwa wamejikalia na simu zisizoshika walisimama wote.

Kilomita kama 10 za mwisho ni mwamba mtupu wenye ngazi ngazi, hapo ziliendelea pikapu tu, zikiwa na wazee waliotaka na vijana wa kuwashika mkono. Ukingoni unatazama chini kwenye ule ufa na kuona maji ya ziwa Powell, yaliyofunika njia ya chini tangu bwawa la Glen Canyon lilipofungwa mwaka 1963. Bibi aliyetoa magodoro alitazama kimya, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na watoto waliwaweka wapi?" Nikamsimulia habari ya Arabella Smith. Mumewe, Stanford, alikuwa chini akiwasaidia wengine kutwa nzima, wakasahauliwa juu. Waliwaketisha watoto wao watatu ukingoni, peke yao, Arabella akashika kamba nyuma ya mkokoteni pamoja na farasi, wakashuka. Farasi akaanguka akaburutwa, na Arabella akaburutwa naye, mguu ukachanika vibaya. Kisha mume akapanda kuwafuata watoto. Bibi akasema, "Na walikaa pale pale walipoambiwa." Watoto wa kwetu waliokuwa wamesimama karibu walisikia kila neno, na wakaelewa kwamba bibi yao hazungumzii tu watoto wa Wamormoni.

Kuhusu kuitengeneza barabara, mabishano ni ya miaka mingi. Kaunti zinadai haki ya njia kwa sheria ya mwaka 1866 iliyofutwa mwaka 1976, zikisema njia zilizotumika kabla ya hapo ni zao. Watetezi wa mazingira wanahofu kwamba lami italeta umati, na umati utaharibu makorongo na michoro ya wenyeji wa kale. Mimi nimekaa kwenye gari na mzee mwenye mgongo mbovu, najua vile vituta vinavyomfanya. Historia isiwe ya wenye magari makubwa pekee. Kwa hiyo naunga mkono changarawe iliyoshindiliwa vizuri, kalavati kwenye makorongo yanayokula barabara, na mitaro, mpaka Dance Hall Rock. Lami siitaki, na zile kilomita za mwisho naomba ziachwe zilivyo, kwa sababu mwamba ule ndio ushahidi wenyewe. Ukiusawazisha utakuwa umefuta ulichotaka kukionyesha. Tuliyaandika maoni haya kwa majina ya familia zetu, vijana wakatafsiri ya wazee, tukayapeleka kwenye ofisi inayosimamia ardhi hiyo.

Nusu ya pili ya njia, ng'ambo ya mto, tumeipanga kwa vuli. Hapo hakuna vumbi: unazunguka kupitia Hanksville na kushika barabara namba 95, unavuka Colorado kwa daraja la Hite, na pembeni ya lami unakuta kibao cha Salvation Knoll, kilima ambacho wapelelezi wanne wa msafara, wamepotea na chakula kimewaishia, walikipanda siku ya Krismasi mwaka 1879 wakaiona milima ya Abajo na kujua walipo. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Bluff. Basi dogo la kukodi linatosha safari yote, na kwa njia hiyo mkataba unaruhusu. Michango tumeshaanza kuikusanya.