Siku moja ya mchoraji wa Tingatinga: rangi ndiyo inayopanga saa

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kushika brashi nagusa picha za jana. Natumia mgongo wa kidole, si ncha, tena pembeni kabisa. Ikinata, picha hiyo haiguswi asubuhi hii hata kama mwenyewe anaisubiri. Rangi ya mafuta, hii hii inayopakwa milango na mageti, hushika juu ikikaa kwa muda wa saa nne hadi sita, lakini ndani inataka siku nzima. Masika yakiingia Dar es Salaam, hewa ikawa nzito, inaweza kutaka siku mbili. Anayeanza hudhani mchoraji ndiye anayechagua aanze na picha ipi. Rangi ndiyo inayochagua.

Nanyunyiza maji sakafuni ndipo nafagia. Vumbi likitua kwenye rangi mbichi limehamia humo. Ukilikwangua kwa ukucha unaacha shimo.

Saa 1. Makopo. Juu ya rangi iliyolala huwa kuna utando, na kosa la kwanza la mwanafunzi ni kuukoroga. Pitisha kisu kuzunguka ukingo, uinue mzima, utupe. Ukikatika, chuja rangi yote kwa soksi kuukuu ya nailoni, maana punje moja ikinasa kwenye brashi nyembamba mstari unakwenda kombo. Kisha namimina kiasi cha leo kwenye vifuniko na kufunga kopo. Kopo likikaa wazi mchana kutwa, kesho utando ni mnene maradufu.

Kwa rangi ya nyuma, kijiko kimoja cha tina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, kwa vijiko kumi vya rangi kinatosha. Kwa mistari naongeza kidogo kidogo mpaka rangi iteremke kutoka kwenye njiti kama uzi. Tina ikizidi, mng'ao unakufa na rangi inachirizika.

Saa 2. Kuwamba kitambaa kwenye fremu. Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo huu wa uchoraji una jina lake, alipoanza kazi hii mwaka 1968, alichorea hadibodi za mraba kwa rangi za baiskeli. Hadibodi haiwambwi wala hailegei, ila haikunjiki kuingia kwenye sanduku la msafiri. Kitambaa kinakunjika, lakini kinadai kazi yake kabla hujachora chochote.

Pima fremu kona kwa kona: vipimo viwili visipolingana, imepinda, na kitambaa kitakunjamana upande mmoja. Piga pini ya kwanza katikati ya upande, ya pili upande unaoutazama, halafu pande mbili zilizobaki. Endelea hivyo kuelekea kona, pini kila sentimita tano. Ukianzia konani, mkunjo hautoki tena. Kikiwa tayari, ukikigonga kinalia kama ngoma.

Kisha makoti mawili ya rangi nyeupe ya maji, na msasa laini katikati. Wengi huruka hatua hii kuokoa muda, nami naipigania. Pamba isiyozibwa hunywa mafuta ya rangi, na mafuta hayo huila taratibu. Picha itakuwa nzuri mwanzoni, lakini miaka ikipita kitambaa kitaanza kukatika kama karatasi kavu.

Saa 3. Rangi ya nyuma kwenye kitambaa kilichozibwa jana. Njano chini, chungwa katikati, nyekundu juu, nachanganya mipaka kwa kipande cha sponji ya godoro, nikigonga bila kufuta. Hapa ni haraka: rangi ikianza kushika, sponji inaivuta na kuacha makovu. Nikimaliza naiegemeza, uso ukielekea ukutani na kuinama kidogo chini, vumbi liangukie mgongoni.

Saa 4 mpaka saa 7. Huu ndio moyo wa siku, na ni kwa picha zilizokauka tu. Chukua chui. Namchora kwa chaki, najaza mwili wote kwa njano moja tambarare, bila kivuli. Naiacha njano ishike hadi kesho, nami naenda kwa ndege na majani ya picha nyingine. Nikirudi mapema mno, tina iliyomo kwenye nyeusi inaing'ata njano na kuinyanyua. Nakuta tope la kijani badala ya doa.

Madoa ya chui hayachorwi, hugongwa. Nachovya ncha ya mpini wa brashi, nagonga mara mbili au tatu, nafuta, nachovya tena. Ukigonga mara sita kwa mchovyo mmoja, la kwanza litakuwa kubwa kama shilingi na la sita alama ya mbu. Doa likiwa nene sana, juu hukauka kabla ya ndani, ngozi inavimba na kukunjamana kama embe lililozeeka. Halirekebishiki siku hiyo: subiri likauke kabisa, lisugue kwa msasa, rudia.

Mstari mweupe wa sharubu na jicho huja mwisho. Kidole kidogo kinaegemea kwenye kifimbo kilicholazwa juu ya fremu, si kwenye picha. Nyeupe ikikosewa haijifichi popote.

Saa 8. Jua kali. Hakuna picha inayowekwa nje eti ikauke upesi, hufanya malengelenge.

Wateja huja saa hizi. Anayetaka picha ikunjwe aambiwe ukweli: iliyomalizwa juzi haikunjwi, itajigandisha yenyewe. Ikiwa na wiki mbili au zaidi, izungushwe kwenye bomba nene, upande wa rangi nje, maana ukiukunja ndani rangi inabanwa na kupasuka. Gazeti lisiguse rangi, linaacha wino. Aambiwe pia asiiweke kabatini, kwa kuwa nyeupe ya mafuta hugeuka njano gizani.

Saa 10. Kazi ya karatasi. Kila picha inapigwa picha kivulini, kisha daftarini: kipimo, tarehe, jina. Ikipelekwa kuuzwa kwingine, karatasi isainiwe kabla haijatoka mlangoni: bei, fungu la muuzaji, siku ya kurudishwa, nani analipa ikiharibika. Makubaliano ya mdomo hayana pa kushika.

Sahihi nayo ina uzito. Tingatinga alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake, akina January Linda na Simon Mpata, ndio walioiendeleza kazi. Chama cha ushirika kikafuata mwaka 1990. Sote tumejifunza kwa kuiga, na kuiga ni shule. Kuweka jina lako kwenye kazi ya mkono wa mwingine ni wizi, hata kama mwenye mkono ni mwanafunzi wako.

Saa 11. Brashi zinapita makopo matatu ya tina, kutoka chafu hadi safi, kisha sabuni na maji, nazinyoosha nywele kwa vidole na kuzilaza. Tina chafu haimwagwi mtaroni. Ikitulia usiku, rangi inazama, na ya juu inatumika tena. Vitambaa vya kufutia naviloweka kwenye ndoo ya maji: vikirundikwa na mafuta yake, hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka usiku hakuna mtu.

Saa 12 jioni. Nagusa ile ya saa tatu, pembeni, kwa mgongo wa kidole. Juu imeshika, ndani bado. Nafunga mlango.