Mvule Huu, Mtoto Wake Yuko Wapi?

Jumamosi usiku, Entebbe.

Magoti yangu bado yana udongo wa ufukweni. Tulianza kuokota taka saa moja na nusu asubuhi, watu kumi na wanane, na magunia, glavu na reki mbili, pale Bustani ya Mimea inapokutana na Ziwa Viktoria. Ziwa linatema kila kitu: chupa za soda, kandambili za mguu mmoja, kavera, yaani mifuko ya plastiki, zilizojisokota kwenye mizizi ya gugu maji. Gugu hili lilianza kuonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, na mpaka leo upepo ukigeuka linasukumwa huku kwetu. Nimejifunza kulishika shingoni, penye vile vivimbe vya kijani vinavyolielesha, nikalikung'uta kwanza mpaka kavera zidondoke, ndipo nikaliweka kando. Ukilitia lote guniani na maji yake, gunia halinyanyuki.

Saa tatu tulinawa mikono, matembezi yakaanza.

Haya matembezi, ninapowaongoza watu bustanini kwa Kiswahili, nayapenda kuliko chochote ninachofanya wiki nzima. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, lakini bado wapo wanaokisikia na kukaza uso, kwa sababu wazazi wao walikisikia kwa askari waliokuja kuvunja milango usiku. Siwalaumu hata kidogo. Ndiyo maana natamani kisikike pia chini ya miti, kikitaja majani na ndege, watoto wakiwa wanasikiliza.

Tulipitia njia ya kawaida. Bustani ilianzishwa mwaka 1898, Entebbe ikiwa makao ya serikali ya Waingereza, na mtunzaji wake wa kwanza alikuwa Alexander Whyte, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya mimea Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Hekta zipatazo 40. Huwa nawaambia watu wazi kwamba haikuwa bustani ya kupumzikia. Ilikuwa mahali pa kujaribia mazao, mpira na kakao yakiwemo, ili ijulikane lipi litastawi na lipi litalipa likipakiwa melini. Kwenye mpira tulisimama kidogo. Gome lake limejaa makovu, kwa kuwa wageni hupenda kulichoma na funguo waone utomvu mweupe ukitoka. Mimi sichomi. Nawapa kovu la zamani walipapase kwa kidole, utomvu ulikaukia humo ukawa utepe mwembamba unaovutika. Mtoto mmoja aliuvuta, ukarudi, akauvuta tena. Inatosha.

Juu yetu mbega walikuwa wamekaa kimya, mikia meupe ikining'inia. Nilieleza kwa nini hatuwapi mkate: tumbo la mbega lina vyumba, majani huchachuka humo kabla ya kusagika, na vyakula vyetu vinaliharibu. Kijana mmoja Mganda, ambaye Kiswahili chake ndiyo kwanza kinachipua, akanyoosha mkono. "Hawa ni ngeye. Mimi ni wa ukoo wa Ngeye. Hawa ni ndugu." Katika koo za Buganda, mnyama wa ukoo wako humli wala humdhuru. Watoto wawili waliokuwa na vipande vya mkate mkononi wakavirudisha mfukoni wenyewe. Nimeeleza habari ya tumbo la mbega miezi mingapi sasa, na sijawahi kuona mkate ukirudi mfukoni haraka hivyo.

Kisha tukafika kwenye mvule.

Mama mmoja aliyetoka upande wa Bunia, Kongo, ambaye amekuja mara tatu bila kusema neno, aliuweka mkono kwenye shina, akatazama juu mpaka kilemba kikataka kuanguka. Halafu akatazama chini, akazunguka mti wote taratibu, akarudi kwangu.

"Mwalimu, hii mvule, mutoto yake iko wapi?"

Sikuwa na jibu la mara moja. Nimepita pale mara nyingi nikisifia unene wa shina, na sikuwahi kuinamisha kichwa. Chini ni nyasi zilizofyekwa, safi, za kupigia picha. Popo wakubwa hula matunda ya mvule na kusambaza mbegu mbali, na inayodondokea hapa ikichipua inakatwa pamoja na nyasi. Sisi wenyewe tumewahi kufyeka pale. Tumekuwa tukiwahudumia wazee na kuwakata watoto wao, tena kwa moyo mweupe.

Nikamsimulia yaliyonipata nyumbani. Mwaka jana nilisia mbegu za mvule, nikapata miche arobaini, nikaipanga kwenye mifuko ikibanana juani, nikiamini jua ndiyo uhai. Baada ya muda ncha zikaota vivimbe vya kijani, kama punje za dengu. Nilipasua kimoja kwa kucha: ndani kadudu kachanga, kamezungukwa na nyama laini ya jani. Kadudu hako hukaa kwenye mivule, kivimbe kikipasuka ukungu unaingia, ncha inaoza na kuwa nyeusi, mche unakufa kuanzia juu. Ilikufa thelathini na mmoja. Niliumia, kwa sababu nilikuwa naimwagilia asubuhi na jioni. Bwana miti mmoja ndiye aliyeniambia niitawanye kivulini, kati ya mimea mingine, isikae kama kundi. Tisa iliyobaki nikaihamishia chini ya migomba na mparachichi. Leo iko sita.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Baba alikuwa anaiachia katikati ya ndizi," akasema. "Hapana peke yake. Kamwe." Akaniomba mmoja. Amepanga chumba, hana hata hatua moja ya ardhi, kwa hiyo tumekubaliana ubaki kwangu na yeye atakuwa anakuja Jumatano kuutazama, mpaka tupate shule au kanisa la kuupokea. Na kabla ya Jumamosi ijayo nitaandika barua kuomba ruhusa tuzungushie vigingi vya miti eneo dogo karibu na mvule ule, fyekeo lisiingie. Hatua kumi kwa kumi tu.

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Mche wa Mama nimeufunga uzi mwekundu. Kwenye jani lake la juu kabisa kuna kivimbe, kidogo kuliko punje ya mtama, bado kigumu. Nimelikata jani hilo kwa kucha, nikalichoma kwenye jiko, nikarudi kuyageuza mengine moja moja.