Diari ya aliyefukuzwa, Cairo mpaka Amarna

Ile diari nliinunua Soor el-Azbakeya, pale Cairo wanapouza vitabu vya mitumba, na muuzaji alishusha bei bila hata kubembelezwa, kitu ambacho Cairo hukioni kirahisi. Kiarabu changu ni cha salamu na bei ya nyanya tu, nikampelekea jamaa yangu Mzanzibari anasoma Al-Azhar. Akafungua, akasema yakhe, hii ya mtu wa kikundi cha siri, walikua wanaabudu Aten, lile jua la Firauni Akhenaten ambalo miale yake inaishia na viganja vya mikono. Mwenyewe alifukuzwa kundini sababu alikua anaiba ubani wa ibada anaenda kuuza soko la Khan el-Khalili 😂 wenzake wakamkwangua jina kwa kisu kila ukurasa. Nae akaacha laana, atakayelitamka jina langu asipate usafiri wa kurudi kwao. Laana gani sasa hii ya kituo cha daladala!

Basi tukapanda treni mpaka Mallawi, kama kilomita 300 kusini ya Cairo, kisha haisi, kisha kivuko kwenda ng'ambo ya mashariki ya Nile. Amarna, magofu ya mji wa Akhenaten, usitegemee mapiramidi, ni jangwa na misingi ya matofali ya udongo, maana mji ulijengwa harakaharaka kama mwaka 1346 KK, mfalme alivyokufa haukuchukua muda watu wakauhama, Firauni Tutankhamun akarudisha miungu ya zamani na waliofuata wakaanza kukwangua majina ya Akhenaten ukutani. Kule kaburini kwake bondeni nilikaa sana kwenye chumba ambacho yeye na mkewe Nefertiti wanamlilia binti yao Meketaten. Picha imeharibiwa vibaya mno ila kilio bado unakiona.

Humo humo mwenzangu akatoa diari, akaimulika kwa tochi upande wa nyuma, kumbe kisu kilipita juujuu tu. Akasoma herufi tatu kwa sauti. Kutoka nje dereva aliyetuleta bondeni hayupo, simu haishiki mtandao, tukatembea mpaka mtoni jua la Aten lenyewe liko utosini, mwenzangu anasoma Ayatul Kursiyu na mimi namcheka kwa mdomo tu, tunafika kivuko ndo kinaondoka.

Herufi zilizobaki kagoma kunitajia. Diari anayo yeye, anasema anairudisha Azbakeya na ataiuza ghali kuliko nilivyonunua mimi, faida nusu kwa nusu.