Deki ya HD DVD Haikuharibika: Nani Alipe Mfumo Unapokufa?

Tarehe 19 Februari 2008, kampuni ya Toshiba ilitangaza mjini Tokyo kwamba inaacha kutengeneza deki za HD DVD, mfumo wa diski za filamu zenye picha ang'avu kuliko DVD ya kawaida, na kwa tangazo hilo ushindani wa karibu miaka miwili kati ya mfumo huo na mwenzake wa Blu-ray ukawa umefika mwisho. Tangu wakati huo nimekutana mara nyingi na hoja kwamba walionunua deki zile walidhulumiwa, na kwamba Toshiba ilistahili kufikishwa mahakamani ili iwarudishie fedha zao. Ninaipinga hoja hiyo kwa sehemu kubwa, lakini ninaona kwamba ndani yake limejificha dai jingine, la haki kabisa, ambalo wengi hulichanganya na hili.

Kwanza tukitazame kitu chenyewe kilichouzwa. Ninayo deki ya HD-A1, mojawapo ya zile za kwanza zilizoingia madukani Marekani mwezi Aprili 2006, na bei yake wakati huo ilikuwa dola 499. Ni pana, ni nzito, na ndani yake imefungwa prosesa ya Pentium 4, aina ileile iliyokuwa kwenye kompyuta za mezani za siku hizo, kwa hiyo ukiiwasha huna budi kusubiri kama dakika moja kabla haijawa tayari. Baada ya hapo, filamu iliyotoka kwenye kasha lake jekundu huonekana kwa ung'avu uleule iliokuwa nao siku ilipotolewa, na ukitia DVD ya kawaida inaicheza pia. Sheria ya mauzo katika karibu majimbo yote ya Marekani humtaka mfanyabiashara atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi yake ya kawaida, hata pasipokuwa na dhamana iliyoandikwa, na deki hii inafaa. Kilichokoma ni filamu mpya, ambazo hazikuwa zimeuzwa pamoja nayo.

Wapo wanaojibu kwa methali, kwamba wapiganapo tembo nyasi ndizo ziumiazo. Siikubali hapa, kwa sababu nyasi hazikuchagua mahali pa kuota, ilhali mnunuzi wa mwaka 2006 aliingia dukani kwa hiari yake huku vita vikipiganwa waziwazi. Studio za filamu za Disney, Fox na Sony zilikuwa upande wa Blu-ray. Universal ilikuwa upande wa HD DVD. Paramount, iliyokuwa ikitoa filamu zake kwa mifumo yote miwili, ilihamia HD DVD peke yake mwezi Agosti 2007. Kisa cha Betamax, mfumo wa kanda za video ambao Sony iliutoa mwaka 1975 na ukazidiwa na mfumo mwingine wa kanda, VHS, hata Sony yenyewe ikaanza kutengeneza deki za VHS mwaka 1988, kilikuwa kinajulikana na kila aliyefuatilia habari hizi. Mtu mzima aliyeyajua hayo, akalipa dola 499 ili awe wa kwanza kuona picha nzuri, alikubali pia kwamba huenda upande wake ukashindwa.

Ninapositasita ni kwenye wiki zile za mwisho. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner, iliyokuwa ikihudumia pande zote mbili, ilitangaza kwamba itabaki na Blu-ray pekee, na kuanzia hapo matumaini ya HD DVD yalikuwa finyu sana. Hata hivyo Toshiba ilishusha bei za deki zake Januari hiyohiyo, kisha tarehe 3 Februari ikazitangaza wakati wa Super Bowl, mchezo unaotazamwa na Wamarekani wengi kuliko kipindi kingine chochote cha televisheni. Siku 16 baadaye ilisalimu amri. Swali la haki hapa ni hili: muuzaji alijua nini alipopokea fedha? Kama ushahidi ungeonyesha kwamba uamuzi wa kuacha ulikuwa umeshapitishwa huku matangazo yakiendelea, ningesimama na mnunuzi bila kusita, kwani huko ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Lakini hasara peke yake haithibitishi hila, na kampuni inayoshusha bei ili ijiokoe haijawa tapeli kwa sababu hiyo tu. Maduka ya Best Buy ya Marekani yaliwapa wateja walionunua deki hizo kwao vocha za dola 50, na mwaka 2009 Warner iliruhusu diski zake za HD DVD kubadilishwa kwa Blu-ray kwa ada ya dola 4.95 kila moja. Huo ulikuwa uungwana wa kibiashara, na ninaupongeza.

Dai ninalolitetea kwa moyo wote linaanzia kwenye mfumo mwingine, DIVX, ulioletwa na maduka ya Circuit City mwaka 1998. Mteja alinunua diski kwa takriban dola 4 na nusu, na tangu alipoanza kuitazama alikuwa na saa 48. Akitaka zaidi, alilipa tena. Deki yake iliunganishwa na waya wa simu, nayo ilipiga simu kwenye kompyuta za kampuni ili kutoa hesabu ya kilichotazamwa. Tarehe 16 Juni 1999 kampuni ilitangaza kuufunga mfumo huo, ikaahidi kuwarudishia wenye deki dola 100, na katikati ya mwaka 2001 kompyuta zile zikazimwa. Diski zilikuwa hazina hata mkwaruzo, deki zilikuwa nzima, lakini filamu hazikufunguka tena, kwa kuwa ruhusa ya kuzifungua ilibaki mikononi mwa muuzaji muda wote.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo ningependa kila anayeshauriana na wakili aipime kwanza. Toshiba iliacha kuendeleza kitu, lakini haikumnyang'anya mtu alichokwisha kununua. Sony ilipoondoa kwenye PlayStation 3, mashine yake ya michezo ya video, mwezi Aprili 2010, uwezo wa kuwekewa mfumo endeshi mwingine, yaani programu kuu ya kuiendesha kama kompyuta, uwezo ambao mashine ilitangazwa kuwa nao, wateja walifungua kesi ya pamoja huko California, na mwaka 2018 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 3.75, bila Sony kukiri kosa. Ilichukua miaka minane, lakini waliodai walikuwa na kitu cha kuonyesha: hapo awali kilikuwepo, na muuzaji amekitoa.

Filamu tunazozinunua leo kwa kubofya kitufe ziko karibu zaidi na DIVX kuliko na deki yangu. UltraViolet, huduma ya mtandaoni iliyowatunzia wateja hazina za filamu walizolipia, ilifungwa tarehe 31 Julai 2019, na wenye filamu wakatakiwa wawe wameziunganisha na maduka mengine mapema. California sasa ina sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomzuia muuzaji kutumia neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali asipomweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo inamfikishia mnunuzi habari, na kwa hilo inamfanya awajibike kwa uamuzi wake, lakini haimrudishii chochote siku kompyuta za muuzaji zitakapozimwa. Ninachotaka kiongezwe ni sharti moja: anayezima aache nakala inayofunguka bila ruhusa yake, au arudishe fedha alizopokea.