Fidia ya Dada Yetu na Mabati ya Nyumba ya Mama

Jumapili moja ya mwezi wa Mei mwaka jana tulikusanyika kwa Mama, Mamboleo, Kisumu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili dada yetu aliye Leicester, Uingereza, atuone sote. Kaka yangu alikuwa amechana ukurasa wa katikati wa daftari na kuorodhesha mabati arobaini, mbao, misumari na malipo ya fundi, kwa sababu tulikuwa tumesikia kwamba fidia ya dada imetoka, pauni 28,000. Dada aligongwa na gari alipokuwa akivuka barabara kwenda zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, akavunjika nyonga, na kwa karibu miaka mitatu alikuwa akiishi kwa ruzuku ya serikali ya huko. Alituacha tuzungumze mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Mkizigawa pesa hizi, nitalala njaa."

Hatukumwelewa, na sababu ninaifahamu. Huku kwetu Kenya, mfanyakazi akiumia kazini, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 humtaka mwajiri alipe fidia, na kwa ulemavu kamili wa kudumu fidia hiyo hupigiwa hesabu ya mapato ya miezi 96. Mafao ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nayo hutokana na michango ya mtu mwenyewe na ya mwajiri wake, na hakuna ofisa atakayemuuliza ana shilingi ngapi benki kabla ya kumpa haki yake. Kwa hiyo tumezoea kuiona fidia kama pesa ya juu, inayokuja kuongezea ile iliyopo.

Uingereza mambo hayaendi hivyo, na tangu siku ile nimesoma kwa makini ili kaka zangu wasimlaumu dada bure. Kwanza kuna sheria ya 1997 inayohusu kurejeshwa kwa mafao. Kabla kampuni ya bima ya aliyesababisha ajali haijalipa fidia, hulazimika kuomba kutoka kwa kitengo maalumu cha serikali cheti kinachoonyesha mafao ambayo majeruhi amepokea kwa sababu ya ajali hiyo, kwa kipindi kisichozidi miaka 5, kisha huirudishia serikali kiasi hicho. Bima inaruhusiwa kukikata kutoka kwenye fidia, lakini kwa kulinganisha aina na aina: ruzuku iliyochukua nafasi ya mshahara hukatwa kwenye fidia ya mshahara uliopotea, na posho ya kutunzwa hukatwa kwenye fidia ya gharama za kutunzwa. Fidia ya maumivu yenyewe haiguswi. Sehemu hii naiona kuwa ya haki, kwani mshahara mmoja uliopotea haufai kulipwa mara mbili, na dada alikuwa amekwisha kukatwa kabla ya hizo pauni 28,000 kumfikia.

Linalomnyima usingizi ni lile linalofuata. Ruzuku anayoitegemea, Universal Credit, hutolewa kwa kupima uwezo wa mtu. Mwenye akiba isiyozidi pauni 6,000 hapunguziwi kitu kwa sababu ya akiba hiyo. Anayezidi pauni 16,000 hapati hata senti. Na aliye katikati huhesabiwa kwamba anapata pauni 4.35 kwa mwezi kwa kila pauni 250 zilizo juu ya 6,000, hivyo mwenye 10,000 hupunguziwa pauni 69.60 kila mwezi. Fidia ya majeraha hupewa nafuu ya miezi 12 tangu ilipolipwa, ambapo haihesabiwi. Baada ya hapo, ikiwa bado imelala katika akaunti yake ya kawaida, ni akiba kama akiba nyingine yoyote.

Basi si afadhali aitume nyumbani iishe? Hivyo ndivyo kaka alivyouliza, na ndipo nilipoogopa kwa niaba ya dada. Anayetoa mali yake kwa kusudi la kupata ruzuku anaweza kuhesabiwa kana kwamba bado anayo. Kulipa deni kunakubalika, na kununua kitu anachokihitaji kwa kiasi kinachofaa kunakubalika pia, lakini zawadi kwa ndugu ni vigumu kuitetea. Hata kiwanja kilichosajiliwa kwa jina lake huku Kisumu ni mali mbele ya maofisa wa kule. Angebaki hana pesa na hana ruzuku, akiwa na nyonga yenye vyuma na ngazi za ghorofa mbili za kupanda kila siku.

Njia iliyopo ni mfuko wa amana. Fidia huwekwa chini ya wadhamini, yaani watu wanaoisimamia kwa niaba ya majeruhi, kwa kawaida wawili au zaidi, na majeruhi mwenyewe anaweza kuwa mmoja wao. Wakili huandika hati, benki hufungua akaunti ya amana iliyo mbali na akaunti yake ya kila siku, na pesa zikikaa humo hazihesabiwi kama akiba yake hata baada ya ile miezi 12. Wakili wa dada hakumwambia lolote kuhusu jambo hili. Alilisikia kwa mwanamke wa kanisani kwao aliyewahi kupata ajali, na inaniuma kwamba haki kubwa namna hiyo ilimfikia kwa bahati. Posho yake ya ulemavu, PIP, haimo katika hofu hii, kwani haiangalii akiba ya mtu.

Hati ya amana ilitiwa saini mwezi wa Februari, miezi tisa baada ya simu ile, na wadhamini ni dada na yule mwanamke wa kanisani. Kaka ndiye aliyeuliza swali la mwisho tulipozungumza, kama pesa za amana zinaweza kumnunulia kitanda kinachoinuka, na dada akajibu kwamba kimekwisha kuagizwa. Mabati ya Mama tunayanunua sisi tulio huku, kwa zamu, na mpaka sasa tumefikisha kumi na sita.