Land Rover Series III: gundi ya boliti, ipi naiweka wapi

Injini ya petroli ya lita 2.25 iko juu ya benchi hapa Ng'ambo, Tabora. Kranki na pistoni zimeshaingia. Wiki hii nimeshughulika na gundi ya kuzuia boliti zisilegee, maana gari hili nalitayarishia barabara za vumbi za Sikonge, na huko mtikisiko haukupi nafasi ya kupumua.

Gundi hii hukauka ikikosa hewa huku imegusa chuma. Ndiyo maana kichupa kipya huwa hakijazwi hadi juu: hewa iliyoachwa ndani ndiyo inayoizuia isigande. Kwa gundi za kampuni ya Loctite mimi hutazama namba kwanza, rangi baadaye. 243 ni ya bluu, ina nguvu ya wastani, na spana ya kawaida inaifungua. 271 ni nyekundu. Hiyo mpaka uichome moto, karibu nyuzi joto 250, ndipo iachie.

Boliti za flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa kranki, nimezipa nyekundu. Zikishafungwa sitarajii kuzigusa kwa miaka, na moto wa gesi unazifikia vizuri. Za kava ya klachi ni bluu, kwa sababu klachi ikiisha lazima zifunguliwe.

Za silinda hedi na konrodi (mikono inayounga pistoni na kranki) sijaweka kitu, na hapo sibishani na mtu. Boliti hizo hushika kwa ule mvutano wa kukazwa hadi kipimo chake. Gundi ikiwa mbichi inateleza kama mafuta, kwa hiyo toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, itakuonyesha namba ileile ilhali boliti imevutwa zaidi. Manifoldi ya eksozi nayo sijaipaka. Joto la pale lingeiunguza gundi bure.

Mzee mmoja, fundi wa gereji jirani, alisimama akatazama.

"Mwanangu, si uweke nyekundu kote umalize?"

"Mzee, hizi za robo inchi zikigoma zitakatikia ndani ya bloku."

Akakubali, kisha akaenda kuniletea tepu yake, kile chuma cha kukatia meno, nisafishie meno ya matundu.

Kusafisha ndiko kulikokula muda, na naona ndiko kunakoamua kama gundi itashika au la. Brashi ya waya kwanza, halafu asitoni tupu (si dawa ya kutolea rangi ya kucha, ile mara nyingi ina mafuta na marashi), kisha nazungusha kitambaa cheupe kwenye meno. Kikitoka na alama ya kijivu, narudia. Petroli siitumii hapa, inaacha utando. Baada ya hapo ni tone moja tu kwenye meno yatakayoshika; ya kuchuruzika haisaidii chochote.

Flaiwili imekazwa jana jioni, kwa mpangilio wa msalaba. Naipa saa 24 ikauke kabisa, kisha naingiza sahani ya klachi. Gia boksi inasubiri sili ya mbele.