Shemeji ana kisukari, na Shemeji ni paka

Nianze na washauri, maana bado nina dukuduku nao. Wa kwanza alisema paka haugui kisukari, huo ni ugonjwa wa wenye pesa. Wa pili, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akasema nimkamulie majani ya mululuza, yale machungu, kijiko kila asubuhi. Wa tatu akataka nimvunjie nusu ya kidonge cha sukari anachomeza mama mkwe wake. Wa nne, tena mtu mzima mwenye heshima zake msikitini, alinivuta pembeni akaniuliza kwa nini nisimtie tu kwenye gunia. Basi nawajibu wote kwa pamoja: paka yuko hai, mwili umerudi, na nyumba yangu haijapigwa mnada.

Mimi ni fundi cherehani, Mtanga niliyeolewa Jinja, Uganda, tunakaa mtaa wa Walukuba. Paka mwenyewe ni dume lililohasiwa, jeusi lenye kifua cheupe, umri miaka tisa. Jina la Shemeji alipewa na mume wangu, kwa sababu aliingia nyumbani bila hodi akakalia kiti cha mwenye nyumba.

Ugonjwa ulianza kwa kiu. Alikuwa anakunywa maji ya bakuli, anamaliza, anahamia beseni la nguo. Anakula kushinda mtu mzima na bado mgongo unatokeza mifupa. Halafu miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa kukanyagia visigino, kisigino chote chini, badala ya kwenda kwa vidole kama paka wengine. Lakini waliompima kwanza ni sisimizi. Alikojoa kwenye saruji karibu na karo, na kabla sijaleta ndoo walishajipanga pale kama kwenye asali iliyomwagika. Mama mkwe akaangalia akasema, "Hao wamefuata sukari. Babu yenu alijulikana hivyohivyo."

Daktari wa mifugo wa kwanza mikono yake ilizoea ng'ombe. Alimshika Shemeji, akampa dawa ya minyoo, akasema atanenepa. Hakunenepa. Nikaamua Kampala.

Safari ya Kampala na paka mwenye njaa ya kisukari isikieni tu. Taksi ikisimama Najjembe, pale msitu wa Mabira, wauzaji wanakuja mbio na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, wanakuwekea dirishani mpaka puani. Kikapu kilichokuwa kimya toka Njeru kikaanza kuruka chenyewe mapajani mwangu. Abiria wa pembeni alihama kiti.

Kipimo cha sukari ya damu kikasoma 23, milimoli kwa lita. Paka aliyetulia huwa kati ya 4 na 8 hivi. Daktari wa Kampala, kijana mpole, akaniambia jambo ambalo hakuna mshauri wangu hata mmoja aliyelijua: woga peke yake unaweza kupandisha sukari ya paka, sana tu, kwa hiyo kipimo kimoja cha mnyama aliyetoka kutikiswa barabarani hakitoshi kumhukumu. Akataka mkojo wa nyumbani, upimwe kwa vile vijiti vya mkojo vya binadamu, sukari na ketoni, yaani kemikali zinazotoka mwili unapochoma mafuta kwa kushindwa kutumia sukari. Ketoni zikionekana, na paka hali na anatapika, hiyo ni dharura, hakuna kungoja kesho.

Sasa nani amewahi kukinga mkojo wa paka? Nilijaribu upawa. Nilimnyatia nyuma ya mgomba, nikausogeza kwa upole wote niliojaliwa, akageuka akanitazama kama nimemvua nguo hadharani, akabana mkojo mpaka jioni. Nikajaribu sahani. Sahani aliikanyaga. Mchanga wa kwenye karai nao unanyonya kila tone. Ndipo nikakumbuka shanga. Nina kopo zima la shanga za plastiki za kupambia magauni. Nikamwaga mchanga wote, nikaosha karai, nikatandaza shanga. Shemeji akaingia, akazifukuafukua kwa mshangao, akakojoa. Shanga hazinyonyi kitu. Nikainamisha karai pembeni, mkojo ukakusanyika safi kabisa, nikachovya kijiti. Rangi ya sukari ilipanda hadi mwisho, ketoni hakuna. Picha ikaenda Kampala kwa WhatsApp, jibu likarudi kabla chai haijapoa: insulini aina ya glargini, yuniti moja asubuhi, yuniti moja jioni. (Shanga nilizichemsha. Gauni la bi harusi niliyemshonea wiki ile lilipambwa kwa kopo jingine, asinitafute.)

Duka la dawa. Hapa lazima niwaeleze vizuri.

Msichana wa kaunta akaniuliza, "Insulini ni ya nani, nyabo?"

"Ya Shemeji."

"Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana. Uzito wake?"

"Kilo nne na kidogo. Zamani alikuwa anafika sita."

Foleni nyuma yangu ikanyamaza. Mama mmoja mwenye kitenge akaanza kumwita Yesu. "Miaka tisa, kilo nne? Mmempeleka hospitali?"

"Nimemtoa Kampala juzi. Njia nzima alikuwa anapiga kelele kwenye kikapu."

"Kwenye kikapu!"

"Sasa ningembeba vipi? Akiona kuku anaruka dirishani."

Msichana akaenda nyuma kumwita mwenye duka. Mzee akatoka na miwani, akaomba karatasi ya daktari, akaisoma taratibu mpaka pale palipoandikwa aina ya mnyama. Alishika kaunta kwa mikono miwili kwa kucheka. Tangu siku ile hawaniulizi maswali, wananiuliza tu kama Shemeji hajambo.

Mzee yule alinisaidia na jambo la maana pia: mabomba ya sindano. Chukueni yale ya insulini, yaliyoandikwa U-100, madogo kuliko yote, yenye alama za nusu yuniti. Yuniti moja ya dawa hii ni sehemu moja ya mia ya mililita. Kwa bomba la kawaida huwezi kuipima, utaotea, na kuotea insulini ni kuua. Zipo pia insulini za wanyama zenye nguvu tofauti na bomba lake tofauti, msichanganye.

Kuhusu kuchoma, ambako kila mtu anakutolea macho, sina mengi. Unainua ngozi ya ubavuni ikawa hema dogo, unaingiza, unasukuma, basi. Leo kushoto, kesho kulia. Sindano yenyewe ni nyembamba kuliko ninayopachikia vifungo. Nampa chakula kwanza, nikiona anakula kweli ndipo namchoma, na yeye hata hainui kichwa kwenye bakuli. Siku asipokula namuuliza daktari kabla sijagusa dawa. Saa kumi na mbili zinatenganisha sindano mbili, na huku tulipo karibu na ikweta saa ya magharibi haihamihami sana, kwa hiyo adhana ya jioni ndiyo kengele yangu mwaka mzima.

Kazi ni sikio. Ili ujue dawa inafanyaje kazi unahitaji tone la damu kutoka ukingoni mwa sikio, na masikio ya Shemeji ni meusi tii. Mshipa huuoni. Ukichoma kwa kubahatisha, damu haitoki. Ikitoka inaingia kwenye manyoya na kutawanyika, na stripu moja, kile kijiti cha kutia kwenye kipima sukari, inayeyuka hivyo, na stripu ndizo zinazokula pesa kuliko insulini yenyewe. Niliharibu nusu ya kopo. Mume wangu alikuwa amemshika na taulo, mikono ina mikwaruzo hadi viwikoni, ananiambia tumwachie Mungu.

Nilipata dawa yake usiku, nikiwa natunga uzi kwenye sindano kwa tochi ya simu. Nikamwita Shemeji mapajani, nikaweka tochi nyuma ya sikio, na sikio likawaka rangi ya chai ya rangi, mshipa ukaonekana mzima kama uzi mwekundu kwenye pindo. Kabla ya hapo nilikuwa nimelipasha joto kwa soksi yenye mchele uliopashwa kwenye sufuria kavu, joto la kuvumilika shavuni. Halafu, huu ujanja ndio naringia: unapaka Vaseline kidogo sana ukingoni mwa sikio. Damu haitawanyiki tena, inasimama tone la duara, unaligusisha stripu na linavutwa. Pamba nyuma ya sikio ili usijichome kidole. Akimaliza anapewa kipande cha kuku mkavu, na siku hizi akisikia kopo la stripu linafunguliwa anakuja mwenyewe. Mjue tu kwamba kipimo cha binadamu huwa kinasoma damu ya paka chini kidogo ya ukweli. Namwandikia daktari namba zote, na dozi anapanga yeye.

Chakula ndicho kilichonigombanisha na mtaa. Paka wengi huku wanalelewa kwa posho, yaani ugali, iliyochanganywa na mukene, wale dagaa wa ziwani, na posho ni wanga mtupu. Paka mwili wake umeumbiwa nyama. Nikafuta posho. Sasa anakula nyama ya kuku na vichwa vilivyochemshwa, moyo wa ng'ombe, ini kidogo mara mojamoja, na mukene kiasi, wa kupikwa, na daktari ameniongezea unga wa virutubisho maana nyama peke yake ina upungufu wake. Nilibadilisha polepole, sukari ikawa inashuka, nikafurahi. Kisha ikapanda tena bila sababu. Nikamfuatilia Shemeji mchana. Anatoka dukani kwangu, anavuka barabara, anaketi steji ya boda, na vijana wanamkatia roleksi zao. Chapati na yai! Kila mmoja kipande.

Nilivuka. "Wanangu, nani kati yenu atalipia insulini?"

"Mama, huyu anatuomba kwa adabu."

Adabu yake naijua mimi. Nikamshonea kola ya kitambaa chekundu, nikatarizi maandishi: NINA KISUKARI, USINIPE CHAKULA. Upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Luganda, asibaki mwenye kisingizio. Nikaweka kitufe chepesi kinachofunguka, akinasa kwenye tawi asijinyonge. Roleksi zikakoma.

Mambo mengine haraka. Insulini inakaa kwenye jokofu, isigande. Kuna aliyenishauri niihifadhi kwenye friza ili idumu; ikiganda imeharibika, itupe. Sisi tunaishi ubavuni mwa bwawa la Nalubaale, linazalisha umeme tangu 1954, na bado taa zinakatika. Zikikatika naihamishia kwenye mtungi uliokaa ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga ninaoulowesha. Wala si kifo: iliyofunguliwa inavumilia nje ya jokofu mradi joto lisizidi nyuzi 30. Karatasi yake inasema itupwe baada ya siku 28, na kwa yuniti mbili kwa siku hata robo ya zile yuniti 300 zilizomo hujagusa, inauma. Daktari wangu ananiruhusu kuendelea ikiwa inakaa baridi na bado ni angavu kama maji. Wako muulize mwenyewe.

Na hofu ya kweli si sukari kupanda, ni kushuka. Jioni moja nilimchoma nikatoka kupeleka nguo za mteja. Mume wangu, kwa huruma zake, akamchoma tena. Narudi namkuta Shemeji anayumba kama katoka kilabuni, macho yametanuka, hanijui. Kipimo: 2.4. Nikachovya kidole kwenye asali nikampaka kwenye fizi na ndani ya shavu, bila kummiminia kooni asije akapaliwa, nikapiga simu Kampala huku napaka. Alipopata nguvu ya kumeza nikampa chakula, tukakesha tunampima. Asubuhi nikatundika kalenda mlangoni mwa jokofu: anayechoma anatia alama na jina lake, na asiye na hakika kama paka amechomwa asimchome. Kukosa dozi moja hakumwui, kurudia kunaweza. Asali sasa ina kopo lake, na watoto wanajua ni ya Shemeji.

Visigino vimeinuka, anatembea kwa vidole tena, na juzi alipanda juu ya kabati la vitambaa, jambo ambalo sikulifurahia kama nilivyodhani ningelifurahia. Daktari amepunguza dozi hadi nusu yuniti. Anasema paka wengine, hasa walioanza tiba mapema na kuacha wanga, hufika mahali wakaishi bila sindano, na wengine hawafiki. Tunaangalia namba.

Sindano zilizotumika naziweka kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ikijaa naipeleka zahanati wachome pamoja na za kwao. Na yule jirani wa mululuza juzi alikuja dukani na kipima sukari cha mumewe, kipya, bado kwenye boksi, akaniuliza kama naweza kumwonyesha kinavyotumika. Nilimwonyesha. Vaseline nilimwambia hahitaji.